Muhuri wa muda ugongwe na kadi yenyewe: mwongozo wa PTP kwenye Linux, kuanzia amri ya kwanza hadi ndani ya draiva

Swali hili hurudi kila mara, kwa maneno tofauti kidogo: "Nimesakinisha linuxptp kwenye mashine mbili, inaendelea vizuri, lakini saa zinapishana kwa makumi ya mikrosekunde, na leo ni tofauti na jana. Nimekosea wapi?" Mara nyingi muulizaji hajakosea lolote kwenye linuxptp, yaani kifurushi cha programu za PTP, itifaki ya kulandanisha saa za kompyuta kupitia mtandao. Kosa liko chini zaidi: muhuri wa muda unagongwa mahali pasipofaa, au draiva inachelewa kuurudisha, au haiurudishi kabisa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye kadi ya mtandao na kupanda juu.

Hatua ya 1 hadi ya 6 zinamhusu kila anayetaka saa sahihi. Hatua ya 7 hadi ya 11 ni za anayeandika au kurekebisha draiva. Kama draiva yako tayari inafanya kazi, ishia ya 6 kisha ruka hadi sehemu ya matatizo.

Nadharia, kidogo tu

Fikiria geti la bohari na lori linaloingia. Mlinzi wa getini akiandika saa lori linapokanyaga mstari, saa hiyo ni ya kweli. Karani wa ofisini akiiandika baada ya dereva kuegesha, kupanda ngazi na kungoja foleni, saa hiyo inategemea foleni ya siku hiyo. Muhuri wa programu ni karani: pakiti imeshapita kwenye foleni, katizo na kerneli kabla muda haujaandikwa. Muhuri wa maunzi ni mlinzi: kadi inasoma saa yake yenyewe fremu inapopita kwenye waya.

PTP (Precision Time Protocol), itifaki iliyochapishwa na IEEE kama 1588 mwaka 2002 na kurekebishwa 2008 na 2019, hutumia mihuri minne. Saa kuu inatuma (t1), saa fuasi inapokea (t2), fuasi inajibu (t3), kuu inapokea jibu (t4). Kutoka hapo hupatikana tofauti ya saa na muda wa safari, kwa kudhani kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Likumbuke neno hilo "kudhani", tutalirudia.

Usahihi wenyewe unahitajika kweli. Mitambo ya simu ya 4G na 5G inayotuma na kupokea kwa zamu kwenye masafa yaleyale hutaka saa ya kila mnara isipotoke zaidi ya mikrosekunde 1.5 kutoka saa ya rejea. Karani hawezi kazi hiyo.

Utakachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta mbili za Linux, kila moja ikiwa na kadi ya mtandao yenye saa yake. Mifano hapa inatumia Intel i210, inayoendeshwa na draiva ya `igb`. Naipendelea kwa anayejifunza kwa sababu nyaraka za chipu hiyo ziko wazi na draiva yake inasomeka.
- Kebo moja inayounganisha mashine hizo moja kwa moja. Swichi isubiri.
- Vifurushi vya `linuxptp` na `ethtool`.
- Ruhusa ya root. Kubadilisha mpangilio wa mihuri kunahitaji `CAP_NET_ADMIN`.
- Kerneli iliyojengwa na `CONFIG_PTP_1588_CLOCK`. Hakiki kwa `grep PTP_1588 /boot/config-$(uname -r)`.
- Kwa mwandishi wa draiva: msimbo wa kerneli unayoilenga, na kitabu cha rejista za chipu.

Tahadhari kabla hujatoa pesa: adapta nyingi za USB hazina saa ya PTP. Raspberry Pi 4 ya kawaida haigongi muhuri wa maunzi kwenye mlango wake wa mtandao, ilhali Compute Module 4 inaweza. Mashine pepe kwa kawaida huiona kadi ya kuigiza isiyo na saa yoyote. Maandishi ya boksi yasikushawishi. Iulize kadi yenyewe, kama ifuatavyo.

Hatua ya 1: Iulize kadi inaweza nini

```
ethtool -T enp1s0
```

Badilisha `enp1s0` kwa jina la kiolesura chako. Kwenye i210 utaona kitu kama hiki:

```
Capabilities:
        hardware-transmit
        software-transmit
        hardware-receive
        software-receive
        software-system-clock
        hardware-raw-clock
PTP Hardware Clock: 0
Hardware Transmit Timestamp Modes:
        off
        on
Hardware Receive Filter Modes:
        none
        all
```

Tafuta maneno matatu: `hardware-transmit`, `hardware-receive` na `hardware-raw-clock`. Yote matatu lazima yawepo. Kisha tazama mstari wa `PTP Hardware Clock`. Namba 0 maana yake saa ya kadi hii ni `/dev/ptp0`. Ukikuta `none`, kadi au draiva haina saa, na hakuna mpangilio wa ptp4l (programu kuu ya linuxptp) utakaoiumba.

Kosa la kawaida hapa ni kuchanganya namba. Mashine yenye milango minne inaweza kuwa na `/dev/ptp0` hadi `/dev/ptp3`, na mpangilio wake usilingane na majina ya violesura. Andika pembeni: kiolesura gani, saa gani.

Hatua ya 2: Nyamazisha kila kinachogusa saa

Kwenye mashine itakayokuwa fuasi, zima huduma ya NTP (njia ya kawaida ya kuweka saa kupitia mtandao):

```
systemctl disable --now chronyd
systemctl disable --now systemd-timesyncd
```

Mojawapo huenda haipo kwako, si tatizo. Programu mbili zikivuta saa moja, kila moja itaiona kazi ya mwenzake kama kosa la kurekebisha, na hazitatulia kamwe. Kwenye mashine itakayokuwa kuu NTP iache, maana ndiyo itakayoipa saa ya mfumo wakati wa dunia.

Zima pia hali ya kubana umeme ya Etheneti, pande zote mbili:

```
ethtool --set-eee enp1s0 eee off
```

Hali hiyo huulaza mlango wakati hakuna pakiti, na kuuamsha huchukua muda usio sawa kila mara. Kwa matumizi ya kawaida hutauona. Kwa nanosekunde utauona.

Hatua ya 3: Hakikisha saa ya kadi inatembea na inatii

Hatua hii wengi huiruka, nami nasisitiza usiiruke. Kabla ya kuleta mtandao kwenye hesabu, jua kama saa yenyewe ni nzima:

```
phc_ctl enp1s0 freq 10000000 set 0.0 wait 10.0 get
```

Amri inaiambia saa ya kadi ikimbie haraka kwa asilimia 1 (namba hiyo ni sehemu kwa bilioni), ianze sifuri, isubiri sekunde 10, isome. Jibu linapaswa kukaribia sekunde 10.1. Ukipata 10.0 kamili, draiva imepokea agizo la mwendo na kulitupa. Ukipata 9.9, imelitekeleza kinyume. Ukipata sifuri, saa haijawashwa. Amri ikikataliwa, huenda draiva hairuhusu mwendo mkubwa kiasi hicho. Jaribu namba ndogo zaidi na usubiri kwa muda mrefu zaidi. Ukimaliza, rudisha hali:

```
phc_ctl enp1s0 freq 0 set
```

`set` isiyo na namba huipa saa ya kadi wakati wa saa ya mfumo.

Hatua ya 4: Washa saa kuu

Tengeneza `/etc/ptp-kuu.conf`:

```
[global]
network_transport       L2
delay_mechanism         E2E
time_stamping           hardware
tx_timestamp_timeout    20
priority1               100
```

Kisha, katika madirisha mawili:

```
ptp4l -f /etc/ptp-kuu.conf -i enp1s0 -m
phc2sys -a -rr -m
```

`priority1` ya kawaida ni 128, na namba ndogo ndiyo inayoshinda uchaguzi. Amri ya pili inachukua wakati kutoka saa ya mfumo na kuupeleka kwenye saa ya kadi, kwa sababu ptp4l hutangaza saa ya kadi peke yake. Ukiisahau, fuasi wako atalandana kwa ustadi mkubwa na saa isiyo sahihi.

Nimechagua L2, yaani fremu za Etheneti zenye alama 0x88F7, ili fayawoli na anwani za IP zisiingilie. Ukitumia UDP, fungua milango 319 na 320.

Hatua ya 5: Washa saa fuasi na usome namba

Nakili faili lilelile kama `/etc/ptp-fuasi.conf`, ondoa mstari wa `priority1`, kisha:

```
ptp4l -f /etc/ptp-fuasi.conf -i enp1s0 -s -m
```

Mwanzoni kabisa tafuta mstari unaosema `selected /dev/ptp0 as PTP clock`. Baadaye yatafuata mambo ya aina hii:

```
master offset     -18 s2 freq   -3046 path delay       412
```

`master offset` ni tofauti na saa kuu kwa nanosekunde. `s0` maana yake bado inapima, `s1` imeirukisha saa mara moja, `s2` imeshika. `freq` ni mwendo unaoongezwa au kupunguzwa, na `path delay` ni muda wa safari.

Kwa kebo fupi ya moja kwa moja, tarajia tofauti itulie kwenye makumi ya nanosekunde au chini ya hapo. Ikicheza kwenye maelfu, usiguse vigezo vya sevo (sehemu ya ptp4l inayoivuta saa). Najua kishawishi ni kikubwa, maana vigezo hivyo vipo vingi na vina majina ya kuvutia. Muhuri mbovu hautengenezwi na sevo nzuri. Rudi hatua ya 1.

Jaribio zuri la kulinganisha: simamisha ptp4l pande zote, uiwashe tena kwa `-S`, inayolazimisha muhuri wa programu. Kama namba hazibadiliki sana, basi hata kabla ya hapo hukuwa unapata faida ya maunzi.

Hatua ya 6: Peleka wakati kwenye saa ya mfumo

Mpaka sasa ni saa ya kadi tu iliyolandana. Programu zako husoma saa ya mfumo. Kwenye fuasi:

```
phc2sys -a -r -m
```

Hapa ndipo sekunde 37 hujitokeza. PTP huhesabu kwa TAI (wakati wa kimataifa wa atomiki), isiyo na sekunde za nyongeza, na tangu tarehe 1 Januari 2017 TAI iko mbele ya UTC kwa sekunde 37. Hivyo saa ya kadi kuwa mbele ya saa ya mfumo kwa 37 ni sahihi kabisa; usiirekebishe kwa mkono. phc2sys inauliza ptp4l na kufanya hesabu hiyo yenyewe.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna mkanganyo wa ziada: mtu akiona tofauti ya saa tatu huilaumu PTP. Kerneli haijui Nairobi wala Dar es Salaam. Huhesabu nanosekunde tangu 1970, na UTC+3 huongezwa tu wakati wa kuonyesha. Tofauti ya saa tatu kamili ni ya mpangilio wa ukanda au wa saa ya ubao iliyowekwa wakati wa nyumbani. Sekunde 37 ni ya TAI. Ukijua tu ni ipi kati ya hizo mbili, nusu ya kazi imekwisha.

Hatua ya 7: Ndani ya draiva, sajili saa

Jaza `struct ptp_clock_info` kisha uite `ptp_clock_register()`:

```
static const struct ptp_clock_info mfano_caps = {
        .owner      = THIS_MODULE,
        .name       = "mfano",
        .max_adj    = 1000000,
        .adjfine    = mfano_adjfine,
        .adjtime    = mfano_adjtime,
        .gettimex64 = mfano_gettimex,
        .settime64  = mfano_settime,
};
```

`adjfine` hupokea `scaled_ppm`: sehemu kwa milioni ikiwa na biti 16 za desimali, hivyo 65536 ni ppm 1. Waandishi wengi huisoma kama sehemu kwa bilioni, na matokeo yake ni sevo inayoyumba bila kutulia. Kerneli mpya zina `adjust_by_scaled_ppm()`. Itumie badala ya kuandika hesabu yako. Saa ya 125 MHz huongeza nanosekunde 8 kila mpigo, na hiyo 8, ikiwa na desimali zake za rejista, ndiyo msingi unaoupitisha humo.

Ndani ya `gettimex64` ita `ptp_read_system_prets()` kabla tu ya kusoma rejista na `ptp_read_system_postts()` mara baada yake. phc2sys hutumia jozi hiyo kujua usomaji ulichukua muda gani.

Jihadhari na kihesabu kinachojaa. Cha biti 32 cha nanosekunde hujaa kwa sekunde 4.3, cha biti 40 kwa takriban dakika 18. Ukitumia `timecounter`, lazima kihesabu kisomwe angalau mara moja ndani ya nusu ya muda huo, la sivyo wakati utarudi nyuma bila onyo. Kazi hiyo iweke kwenye `do_aux_work`.

`ptp_clock_register()` inaweza kurudisha kosa, lakini inaweza pia kurudisha `NULL` pale kerneli ilipojengwa bila PTP. Hali zote mbili zishughulikie, na katika hiyo ya pili kadi iendelee kusafirisha pakiti kama kawaida.

Hatua ya 8: Sema ukweli kwenye get_ts_info

Hii ndiyo inayojibu `ethtool -T`. Weka `phc_index` kutoka `ptp_clock_index()`, au -1 kama saa haipo. Orodhesha vichujio ambavyo chipu inavimudu kweli. Nimeshasoma draiva iliyonakiliwa kutoka kwa nyingine, pamoja na orodha ya uwezo ambao chipu yake haina. Anayeitumia hupoteza siku akitafuta kosa kwenye mtandao wake.

Hatua ya 9: Pokea mpangilio

Tangu kerneli 6.6 kuna `ndo_hwtstamp_get` na `ndo_hwtstamp_set`. Kabla ya hapo kazi hii ilipitia ioctl ya `SIOCSHWTSTAMP` ndani ya draiva.

```
if (cfg->tx_type != HWTSTAMP_TX_OFF &&
    cfg->tx_type != HWTSTAMP_TX_ON)
        return -ERANGE;

switch (cfg->rx_filter) {
case HWTSTAMP_FILTER_NONE:
        break;
case HWTSTAMP_FILTER_PTP_V2_EVENT:
case HWTSTAMP_FILTER_PTP_V2_L2_EVENT:
case HWTSTAMP_FILTER_PTP_V2_L4_EVENT:
        /* chipu haitenganishi, tunapanua */
        cfg->rx_filter = HWTSTAMP_FILTER_PTP_V2_EVENT;
        break;
default:
        return -ERANGE;
}
```

Kanuni: waweza kugonga mihuri mingi kuliko ulivyoombwa, usigonge michache. Ukipanua kichujio, rudisha ulichokiweka kweli, kama mfano unavyofanya. Usiloliweza likatae kwa `-ERANGE`, usilikubali kimyakimya.

Hifadhi mpangilio, na uurejeshe kila baada ya kadi kuanzishwa upya. Kebo ikichomolewa, kasi ikibadilika, au foleni ikikwama na kadi ikajizindua, rejista nyingi hufutika. Dalili yake: kila kitu kilikuwa sawa asubuhi, mtu akagusa kebo, na tangu hapo hakuna muhuri.

Hatua ya 10: Pakiti zinazoingia

```
skb_hwtstamps(skb)->hwtstamp = ns_to_ktime(ns);
```

Mstari ni mmoja, lakini uwekwe kabla skb (kifungu cha kerneli kinachobeba pakiti) haijakabidhiwa juu. Ikiwa chipu inakupa sehemu ya chini tu ya wakati, iunganishe na saa kamili, na uangalie kama kihesabu kilijaa kati ya kupokea na kusoma. Kosa la aina hiyo huonekana kama mruko mmoja wa sekunde kadhaa mara moja kwa muda mrefu, na ni gumu kulinasa.

Hapa pia ndipo mahali pa kufidia safari ya ndani ya chipu. Draiva ya `igb`, kwa i210 kwenye kasi ya 1 Gb/s, hufidia nanosekunde 178 za kutoka na 448 za kuingia. Kwenye 100 Mb/s ni 1024 na 2213. Tazama jinsi pande mbili zisivyo sawa: bila kufidia, tofauti hiyo huingia moja kwa moja kwenye ile dhana ya safari sawa.

Hatua ya 11: Pakiti zinazotoka

Hapa ndipo draiva nyingi huharibikia, kwa hiyo nenda taratibu.

```
if ((skb_shinfo(skb)->tx_flags & SKBTX_HW_TSTAMP) &&
    priv->tscfg.tx_type == HWTSTAMP_TX_ON &&
    !test_and_set_bit_lock(MFANO_TX_BUSY, &priv->state)) {
        skb_shinfo(skb)->tx_flags |= SKBTX_IN_PROGRESS;
        priv->tx_skb = skb_get(skb);
        desc->flags |= MFANO_DESC_TSTAMP;
}
skb_tx_timestamp(skb);
```

Mambo ya kuzingatia ni haya. `SKBTX_IN_PROGRESS` itangulie `skb_tx_timestamp()`, maana ndiyo inayozuia muhuri wa programu usitumwe wakati muhuri wa maunzi uko njiani. Nayo `skb_tx_timestamp()` usiiache hata kama unadhani huhitaji muhuri wa programu: PHY (chipu zinazoshughulika na waya wenyewe) zinazogonga muhuri zenyewe hupewa nakala ya pakiti kupitia hapohapo.

Chipu nyingi, i210 ikiwemo, zina rejista moja tu ya muhuri wa kutoka. Pakiti ya pili ikija kabla ya kwanza kusomwa haitapata muhuri. Biti ya `MFANO_TX_BUSY` inalinda hilo. Hesabu pia waliokosa nafasi na waliochelewa, kama `igb` inavyofanya:

```
ethtool -S enp1s0 | grep hwtstamp
```

`tx_hwtstamp_timeouts` na `tx_hwtstamp_skipped` zitakuokoa siku moja.

Muhuri ukifika:

```
struct sk_buff *skb = priv->tx_skb;
struct skb_shared_hwtstamps hw = {};

hw.hwtstamp = ns_to_ktime(ns);
priv->tx_skb = NULL;
clear_bit_unlock(MFANO_TX_BUSY, &priv->state);
skb_tstamp_tx(skb, &hw);
dev_kfree_skb_any(skb);
```

Mpangilio huo una sababu. `skb_tstamp_tx()` humwamsha ptp4l, naye anaweza kutuma pakiti nyingine papo hapo. Ukiwa hujaachia biti, pakiti hiyo itakuta mlango umefungwa na itakosa muhuri. Nilihangaika siku mbili na draiva iliyopoteza muhuri mmoja kila baada ya mamia, na tatizo lilikuwa mistari miwili iliyopishana nafasi.

Weka pia kikomo cha kusubiri. Muhuri usipokuja, achia skb na biti, la sivyo pakiti moja iliyopotea itazima mihuri yote hadi mashine iwashwe upya.

Matatizo yanayoulizwa zaidi

*"timed out while polling for tx timestamp".* Kwanza ongeza `tx_timestamp_timeout` hadi 50; thamani hiyo ni milisekunde. Ikipona, draiva inachelewa tu, pengine kwa sababu inasoma rejista ndani ya kworker isiyo na kipaumbele. Isipopona, muhuri haufiki kabisa: rudi hatua ya 11 na usome vile vihesabu vya `ethtool -S`.

*"received SYNC without timestamp".* Ni upande wa kuingia. Angalia mpangilio uliopo kwa `hwstamp_ctl -i enp1s0`. Kichujio kikiwa 0, kuna kilichokifuta: kadi kujizindua, au programu nyingine. Mpangilio huu ni mmoja kwa kiolesura kizima. tcpdump ikiombwa mihuri ya kadi kwa `-j` huubadilisha, na ptp4l haitajua.

*"does not support requested timestamping mode".* Hatua ya 1 ilikuwa na jibu. Kama kiolesura ni daraja, angalia kadi halisi iliyo chini yake.

*"clockcheck: clock jumped forward or running faster than expected!"* Kuna wawili wanaovuta saa moja. Tafuta NTP iliyojiwasha yenyewe baada ya masasisho, au phc2sys mbili.

*Fuasi hamwoni mkuu.* Linganisha `domainNumber` na `network_transport` pande zote mbili. Kama kuna swichi katikati, itoe. Ikifanya kazi bila swichi, kosa liko kwenye jinsi swichi inavyoshughulikia maltikasti, au kwenye VLAN.

*Kwa kebo ni sawa, kwa swichi inayumba.* Swichi ya kawaida huishikilia pakiti kwenye foleni kwa muda unaobadilika na msongamano, na muhuri wa kadi hauwezi kuona ndani yake. Unahitaji swichi inayoijua PTP, iwe inajilandanisha yenyewe na kuwa saa kwa walio chini yake, au inaandika kwenye pakiti muda ilioishikilia.

*Tofauti inaonyesha nanosekunde 10, lakini vipimo vya nje vinaonyesha 300, kila siku zilezile.* Ni safari isiyo sawa. ptp4l haiwezi kuigundua, kwa sababu imejengwa juu ya dhana kwamba haipo. Toa mpigo mmoja kwa sekunde kutoka pini za kadi zote mbili, upime kwa osiloskopu, kisha ingiza fidia kupitia `egressLatency` na `ingressLatency` kama kosa ni la chipu, au `delayAsymmetry` kama ni la njia. Kila mita ya kebo ni kama nanosekunde 5, hivyo kebo za osiloskopu yenyewe ziwe na urefu sawa kabla hujaandika namba yoyote.